Tatu wa Kibamba: miezi saba ya Che Guevara katika nchi ya Fizi

Kalenda ya taifa letu ina siku zake za kukumbuka. Januari peke yake ina tatu: tarehe 4 ya mashahidi wa uhuru, tarehe 16 ya Laurent-Désiré Kabila na tarehe 17 ya Patrice Lumumba. Baadaye huja 17 Mei, 30 Juni na 2 Agosti. Mtoto wa shule ya Baraka hufundishwa siku hizo kama mtoto wa Kinshasa, na hakuna ubaya. Hata hivyo, hakuna hata moja kati yake inayokumbuka jambo lililotendeka katika teritwari ya Fizi.

Ipo tarehe moja ya Fizi ambayo watu wa mbali huijua kuliko sisi wenyewe. Alfajiri ya 24 Aprili 1965, mashua iliyovuka usiku kutoka Kigoma ilitia nanga Kibamba, kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Baraka. Ndani yake walikuwamo Wacuba kumi na wanne. Karibu wote walikuwa weusi. Mmoja wa wazungu wachache alikuwa mtu wa miaka 36, aliyenyolewa ndevu, na wenyeji waliambiwa kwamba ni daktari na pia mkalimani wa Kifaransa. Jina lake lilikuwa Tatu. Kwa kweli alikuwa Ernesto Guevara, aliyejulikana duniani kote kwa jina la Che.

Aprili 2025 siku hiyo ilitimiza miaka 60. Wanahistoria wana sababu zao za kuikumbuka. Kitivo cha lugha nacho kina sababu yake, nayo imo katika namna mtu huyu alivyoeleza mwenyewe, baadaye, kwa nini alishindwa.

Mtoto wa pumu

Guevara alizaliwa Rosario, Argentina, tarehe 14 Juni 1928, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Alipokuwa na umri wa miaka miwili alishikwa na pumu, na ugonjwa huo haukumwacha hadi kifo chake. Kwa ajili yake familia ilihamia Alta Gracia, mji wa milimani wenye hewa kavu. Mara nyingi hakuweza kwenda shule, kwa hiyo mama yake, Celia de la Serna, alimfundisha nyumbani. Mama huyo ndiye aliyempa Kifaransa. Msomaji aliweke hilo akilini, maana litarudi.

Alisomea udaktari Buenos Aires, na mwaka 1952, kabla ya kumaliza, alizunguka Amerika ya Kusini pamoja na rafiki yake Alberto Granado. Walianza kwa pikipiki, na ilipowaharibikia waliendelea kwa kuomba lifti. Waliona wachimba shaba wa Chile, wakulima Wahindi wa Peru na wagonjwa wa ukoma wa Amazonia. Alipopata shahada mwaka 1953 aliondoka tena. Mwaka 1954 alikuwa Guatemala wakati serikali ya Rais Jacobo Árbenz ilipopinduliwa kwa msaada wa Marekani. Kutoka hapo akaamini kwamba nchi maskini haitaachwa ijitengeneze kwa amani.

Mwaka 1955, katika mji wa Mexico, alikutana na Fidel Castro. Wacuba ndio waliomwita Che. Neno hilo si jina. Ni neno ambalo Waargentina hulitumia kumwita au kumshtua mtu, karibu na ewe ya kwetu. Alilitamka mara nyingi mno hata wenzake wakamgeuzia likawa jina lake.

Desemba 1956 alishuka Cuba pamoja na Castro, katika chombo Granma kilichobeba watu 82. Wengi waliuawa siku za kwanza. Waliobaki walipanda milima ya Sierra Maestra, na miaka miwili baadaye Guevara aliteka mji wa Santa Clara. Tarehe 1 Januari 1959 Batista alikimbia nchi. Daktari yule akawa mkuu wa Benki ya Taifa, kisha waziri wa viwanda.

Kwa nini Kongo

Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Mwaka 1964 wafuasi wa mawazo yake waliasi mashariki mwa nchi, na wapiganaji walioitwa Simba wakateka sehemu kubwa: Uvira, Fizi, Albertville ambayo leo ni Kalemie, hadi Stanleyville, yaani Kisangani. Novemba mwaka huo askari wa miavuli wa Ubelgiji, wakibebwa na ndege za Marekani, walishuka Stanleyville. Mji ulirudi mikononi mwa serikali ya Moïse Tshombe, na damu nyingi ilimwagika pande zote. Tarehe 11 Desemba 1964 Guevara alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York na kulishutumu tendo hilo kwa maneno makali.

Kutoka hapo alizunguka Afrika kwa muda wa miezi mitatu. Februari 1965 alikuwa Dar es Salaam, mji ambao siku hizo ulijaa wapigania uhuru wa nchi nyingi. Huko alikutana na Laurent-Désiré Kabila, kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye alimvutia. Akaahidi kuleta wakufunzi wa Cuba. Kwa viongozi wa vyama vya nchi nyingine alipendekeza kwamba wapiganaji wao wafunzwe ndani ya Kongo, kwa vita vyenyewe. Pendekezo hilo lilipokewa kwa ubaridi, kwa kuwa kila chama kilikuwa na nchi yake ya kukomboa. Inasimuliwa pia kwamba Rais Nasser wa Misri alimwonya: mzungu anayekwenda kuwaongoza watu weusi msituni atafanana na Tarzan wa sinema.

Hakusikia. Mwanzoni mwa Aprili aliondoka Havana kwa pasipoti ya jina lingine. Wiki chache baadaye alikuwa Kibamba.

Hesabu iliyokuwa majina

Kabla ya kuvuka ziwa, Wacuba walihitaji majina ya kificho. Walichukua kamusi ya Kiswahili wakaanza kuhesabu. Kamanda wa kikosi mbele ya watu, Víctor Dreke, mtu mweusi, akawa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Guevara, aliyekuwa mkubwa wa wote, akachagua Tatu ili asitambulike. Waliofuata waliendelea na hesabu, kisha wakaingia katika maneno mengine ya kamusi. Emilio Aragonés, aliyekuwa na mwili mkubwa, aliitwa Tembo. Oscar Fernández Mell alipewa jina la Siki kwa sababu ya tabia yake. Carlos Coello aliitwa Tumaini.

Kwa hiyo Kiswahili kiliingia katika kikosi kile kama pazia. Lilikuwa pazia zuri kwa adui, lakini liliwaficha pia kwa wenyeji. Hata viongozi wa waasi hawakujua kwanza kwamba Tatu ni nani. Siku chache baada ya kufika alimfunulia siri Godefroid Tchamlesso, aliyewapokea, naye akashtuka sana, akihofia kwamba habari hiyo ikitoka itazua ugomvi wa kimataifa. Kabila alikuwa Misri. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuamua chochote, na Tatu akaambiwa angoje.

Akangoja kwa kazi. Kambi ilijengwa juu mlimani, mwendo wa saa kadhaa kutoka ufukweni. Alitibu wapiganaji na wanavijiji waliomjia na malaria na majeraha, ingawa homa ilimwangusha mwenyewe mapema. Ili watu wake wasioze kwa uvivu, alianzisha masomo: Kifaransa, Kiswahili na maarifa ya jumla. Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa kijana wa Kikongo aliyekuwa bado hajafikia miaka ishirini, Freddy Ilanga. Kwa miezi saba kijana huyo alikuwa karibu naye kama kivuli: alimfundisha, akamtafsiria, akamweleza watu. Baadaye alipelekwa Cuba, akasoma, akawa daktari, akaishi huko miongo mingi bila kuiona Kongo.

Tarehe 22 Mei ujumbe kutoka Cuba ulimfikia mlimani: mama yake alikuwa mgonjwa sana. Kwa kweli Celia alikuwa amekwisha kufariki siku tatu kabla, Buenos Aires. Mwanawe aliwaza habari hiyo kwa wiki nyingi bila uhakika. Tarehe 7 Juni pigo lingine: Léonard Mitudidi, kiongozi wa waasi aliyekuwa ameanza kuleta utaratibu Kibamba, alizama ziwani. Guevara alikuwa amemwona kama mtu wa kutumainiwa.

Vita na maneno

Amri ya kwanza kubwa ilikuwa kushambulia Bendera, kwenye bwawa la umeme upande wa Kalemie. Guevara aliona kituo hicho ni kikubwa mno kwa watu ambao bado hawajafunzwa, lakini aliitii amri. Tarehe 29 Juni 1965 kundi la Wacuba, Wakongo na wakimbizi Watutsi wa Rwanda lilishambulia. Wengi walitawanyika risasi zilipoanza kulia. Wacuba wanne waliuawa, na mmoja alikuwa na shajara mfukoni, kinyume cha amri. Tangu siku hiyo serikali na mamluki wake wakajua kwamba Wacuba wako Fizi.

Tufikiri amri ilivyosafiri siku kama hiyo. Ilizaliwa kwa Kihispania. Ikageuzwa Kifaransa kwa ajili ya maofisa, kisha Kiswahili kwa wapiganaji, na Kinyarwanda kwa wale wa Rwanda. Wapiganaji wengi wa Fizi waliongea Kibembe wao kwa wao. Kila mlango uliichelewesha amri na kuipunguza.

Lakini ugumu haukuwa wa amri tu. Guevara alikuta neno dawa. Katika kamusi yake lilikuwa tiba ya mgonjwa. Kwa Simba lilikuwa kinga ya risasi, yenye masharti yake: asiibe, asimguse mwanamke, asiogope. Aliyeuawa alihesabiwa kuwa amevunja sharti. Daktari huyo hakuiamini, lakini alitambua haraka kwamba kuipiga vita mbele ya watu kungemtenga nao. Hofu yake ilikuwa kwamba kila pigo lililowapata lingetiwa lawama kwa marehemu au kwa mganga, na hakuna mtu angejifunza kuchimba handaki.

Alikuta pia mzigo. Chakula na risasi zilipandishwa kutoka ziwani kwa mabega. Wapiganaji wengi walikataa, wakisema kwamba wao si magari. Wacuba walipoanza kubeba wenyewe ili watoe mfano, wakajibiwa kwamba wao si Wacuba. Jibu hilo alilipata kwa Kiswahili cha huku, kile kinachoweka hapana pale ambapo kitabu cha sarufi kinataka si, naye akaliandika hivyo hivyo kama alivyolisikia. Ni moja ya mahali pachache katika maandishi yake ambapo sauti ya mpiganaji wa kawaida inasikika, na inasikika ikikataa.

Kabila alifika Julai, akapokewa kwa furaha kubwa na watu wake, akakaa siku chache tu, akavuka tena ziwa. Guevara aliandika kwamba ana kipaji cha kiongozi lakini hana uvumilivu wa kukaa na watu wake vitani. Naye, Tatu, alianza kutoka Kibamba. Agosti na Septemba alizunguka kwenye mistari ya mapigano na kufika hadi Fizi na Baraka. Alikuta makamanda waliogombana wao kwa wao, silaha zilizosambazwa bila hesabu, na wakulima waliomkaribisha kwa ukarimu ambao hakuusahau.

Kushindwa

Tarehe 3 Oktoba, Havana, Castro alisoma hadharani barua ya kuaga ya Guevara, ambamo aliachia vyeo vyake na uraia wa Cuba. Waliokuwa naye msituni waliisikia habari hiyo. Yeye mwenyewe alihisi kwamba tangu siku hiyo wenzake walimwona kama mgeni kati yao, mtu aliyekwisha kukata kamba iliyomfunga nao.

Siku hizo mamluki wa Mike Hoare na jeshi la serikali walikuwa wakilikaza eneo lote, kwa ndege, kwa barabara na kwa mashua. Tarehe 24 Oktoba, siku ya kutimiza miezi sita Kongo, kambi ya Guevara ilishambuliwa ghafla na kuungua pamoja na akiba yake. Hoare alishusha askari Baraka kutoka ziwani. Baraka ilipigana, lakini ikaanguka. Fizi ikafuata Oktoba. Wanavijiji wengi walikimbilia milimani au ng'ambo ya ziwa.

Wakati huo siasa nayo iligeuka. Rais Kasa-Vubu alikuwa amemwondoa Tshombe, na nchi za Afrika zikaona njia ya kupatana naye. Tanzania ikaiomba Cuba isimamishe msaada. Guevara alifikiria kubaki na watu wachache waliojitolea, lakini mwishowe akakubali kuondoka. Usiku wa kuamkia 21 Novemba 1965 mashua ziliwachukua Wacuba. Wakongo waliotaka kwenda nao walikuwa wengi kuliko nafasi zilizokuwapo, na walioachwa ufukweni walilia. Alikiri kwamba kuondoka huko kulimwacha na aibu. Wacuba sita walikuwa wamekufa. Wakongo waliokufa pamoja nao hakuna aliyewahesabu kwa majina. Siku tatu baadaye, 24 Novemba, Mobutu alitwaa madaraka mjini Kinshasa, ambayo bado iliitwa Léopoldville.

Chumba cha Dar es Salaam

Guevara alijifungia miezi kadhaa katika ubalozi wa Cuba mjini Dar es Salaam, akaandika kitabu juu ya Kongo. Tangu mwanzo anatangaza kwamba ni habari ya kushindwa. Hakikuchapishwa hadi miaka ya 1990.

Sehemu yake ya mwisho ndiyo inayotuhusu. Baada ya kuhukumu viongozi, silaha, nidhamu na wenzake, anajihukumu mwenyewe. Kati ya makosa yake anataja hili: hakujifunza Kiswahili mapema wala vya kutosha. Sababu yake ilikuwa Kifaransa. Kwa kuwa alikijua, aliweza kuzungumza na wakubwa bila shida, na hilo likamfanya asione haja. Wakati huo huo Kifaransa kilimweka mbali na wapiganaji wa kawaida. Lugha aliyofundishwa na mama yake wakati wa pumu ilimfungulia mlango wa Kabila na wa Mitudidi, ikamfungia mlango wa kijana wa Kibembe aliyekaa naye moto mmoja.

Hakusema kwamba lugha peke yake ilimshinda, wala sisi hatusemi hivyo. Mamluki wangekuja hata kama angeongea kama mzee wa Baraka. Lakini kwa mtu aliyeamini kwamba vita vya msituni haviwezi kusimama bila wakulima, kukiri kwamba hakuweza kuongea nao ni kukiri jambo kubwa.

Majina yaliyosafiri

Novemba 1966 aliingia Bolivia. Baadhi ya waliokuwa Kongo walikuwa naye. Martínez Tamayo, aliyekuwa Mbili, aliuawa huko Julai 1967. Carlos Coello aliuawa Juni. Wenzake bado walimwita Tuma, kifupi cha Tumaini: neno la Kiswahili lililovuka bahari na kufia milima ya Andes. Guevara mwenyewe alikamatwa tarehe 8 Oktoba 1967, akapigwa risasi kesho yake katika shule ya kijiji cha La Higuera. Alikuwa na miaka 39. Mwili ulizikwa kwa siri, haukupatikana hadi 1997, ndipo ukazikwa Santa Clara, mji aliouteka ujanani.

Mwaka huo huo wa 1997, tarehe 17 Mei, majeshi ya yule kijana wa Dar es Salaam yaliingia Kinshasa kama washindi. Katikati ya miaka hiyo Kabila alikuwa amerudi kwetu, akaanzisha chama chake na kuishi miaka mingi katika maficho ya milima ya Fizi, Hewa Bora. Yeye Kiswahili hakikumpa shida.

Hivyo habari za Tatu zimeandikwa kwa Kihispania, kwa Kifaransa, kwa Kiingereza. Katika hizo Fizi ni msitu, mvua, homa na watu wasiokuwa na majina. Lakini aliyekuwa na miaka kumi siku mashua ilipofika Kibamba ana zaidi ya sabini leo. Wengine bado wako Baraka, Fizi, Kazimia, Lulimba, na wengine katika makambi ya ng'ambo ya ziwa. Wanajua kilichopikwa, nani alibeba mzigo, nani alikataa, nani aliachwa ufukweni. Wanakijua kwa Kibembe na kwa Kiswahili cha huku, kile chenye hapana.

Sisi wa kitivo hiki tunasoma fonolojia na tafsiri, tunatetea kazi zetu za mwisho kwa Kifaransa, kisha tunarudi nyumbani na kuongea na bibi kwa lugha nyingine. Tunao mlango wa wakubwa na mlango wa watu, vyote viwili, jambo ambalo Tatu alilitamani akiwa amekwisha kuchelewa. Likizo ijayo, anayepanda gari la kwenda Baraka achukue daftari. Amuulize mzee mmoja, kwa lugha ya mzee, aandike jibu kama lilivyotamkwa, na juu ya ukurasa aweke tarehe.